Upasuaji wa kuondoa ngozi iliyolegea mapajani baada ya kupungua uzito: tuliopitia na mnaofikiria, tukutane hapa

#1 MamaNuru_Tabata

Wakuu, habari za muda huu.

Humu jukwaani nyuzi za kupunguza uzito ni nyingi. Aliyekata utumbo ameandika, aliyewekewa puto tumboni hospitali ya Mloganzila ameandika, anayekimbia Barabara ya Mandela alfajiri naye ameandika. Kinachofuata kilo zikishaondoka hakiandikwi. Uzito ukishuka kwa wingi mafuta yanakwenda, ngozi inabaki, na inapotesa zaidi ni mapaja ya ndani. Tumbo utalibana kwa mkanda, mikono utaifunika kwa blauzi ndefu. Mapaja unatembea nayo, yanasuguana kila hatua.

Nilikuwa juu ya kilo 130, sasa niko themanini na kidogo. Nimefanyiwa upasuaji wa mapaja hapahapa Dar na nimepona. Naandika kwa urefu kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo ya Kiswahili nilikutana na matangazo tu: picha ya kabla, picha ya baada, na namba ya WhatsApp. Hakuna aliyeeleza mtu anakatwa wapi, anaoga vipi, anajisaidia vipi.

Nianze na linalowaumiza wengi. Ngozi hii si dalili ya uvivu. Watu wanakwambia "ongeza mazoezi, hiyo ni nyama uzembe." Siyo. Ngozi ikivutwa kwa miaka, nyuzi za kolajeni na elastini zinazoirudisha mahali pake huchoka na kukatika, kama lastiki ya sketi ya shule iliyovaliwa mpaka darasa la saba. Kuchuchumaa na kunyanyua vyuma kunajenga msuli ulio chini, ngozi ya juu hakuigusi. Krimu za kukaza ngozi zinalainisha, basi. Ukiwa kijana na umepungua kidogo, ngozi inaweza kujivuta yenyewe taratibu. Ukishapunguza kilo 40 au 50, ile iliyobaki ndiyo hiyo.

Na kwa joto letu hili si suala la urembo peke yake. Februari, Kariakoo, nimevaa taiti ya pamba ndani ya dera ili mapaja yasigusane. Nikifika nyumbani naivua taratibu, na bado pale mshono wa taiti ulipokaa panabanduka ngozi. Jasho linakaa kwenye mikunjo, fangasi wanaingia, unapaka dawa wiki mbili wanapona, wiki ya tatu wamerudi. Ngozi inakuwa nyeusi na ngumu, halafu harufu. Nilikuwa nimepungua kilo zaidi ya 45 na bado naona aibu kukaa karibu na mtu kwenye daladala. Ndiyo maana nasema mtu anayetaka kuondoa ngozi hii asiitwe mpenda sifa.

Sasa upasuaji wenyewe.

Kuna aina ya kukata kinenani tu, kwenye mkunjo wa paja na mwili. Kovu linajificha ndani ya chupi, lakini inawafaa wenye ngozi kidogo iliyolegea sehemu ya juu. Sisi tuliopungua sana mara nyingi tunahitaji mkato mrefu wa wima, kutoka kinenani kushuka ndani ya paja mpaka karibu na goti. Wengine wanapata yote mawili na kovu linakuwa kama herufi T. Mara nyingi daktari ananyonya mafuta yaliyobaki kwanza, kisha anaondoa ngozi. Unalazwa nusu kaputi, na kazi ni ya masaa mawili, matatu au zaidi. Asubuhi ya siku hiyo daktari alinichora kwa kalamu nikiwa nimesimama, kwa sababu ukilala ngozi inahama na vipimo vinapotea. Alivuta ngozi kwa vidole, akaweka alama, akaachia, akarudia tena upande wa pili. Alichukua muda mrefu na sikumharakisha. Ukiona mtu anataka kukuchora umeshalala kitandani, muulize.

Jambo moja nawaomba mlishike kwa sababu litawasaidia kumpima daktari. Upasuaji huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1957 na daktari aitwaye Lewis, na kwa miaka mingi ulikuwa na sifa mbaya: kovu la kinenani lilikuwa linateremka pajani na, kwa wanawake, sehemu za siri zinavutwa na kufunguka. Sababu ni kwamba ngozi ilishonwa kwa ngozi, na ngozi ya paja ni nzito. Mwaka 1988 daktari wa Marekani, Ted Lockwood, akaonyesha namna ya kuishikiza kwenye utando mgumu ulio ndani ya kinena, ili uzito ubebwe na utando na mshono wa juu upumzike. Kwa hiyo mkikaa na daktari mwulizeni waziwazi: "Ngozi yangu utaishikiza wapi?" Anayeijua kazi atakueleza kwa utulivu, hata akikuchorea karatasini.

Kabla ya kukubaliwa, uzito uwe umetulia, si unaendelea kushuka wala kupanda. Wengi wanataka walau miezi sita, na kwa aliyekata utumbo ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tangu upasuaji ule. Ukikatwa ngozi leo halafu ukashuka kilo 15 nyingine, ngozi italegea upya. Utapimwa wingi wa damu, protini, madini ya chuma, sukari. Hapa tuliokata utumbo tuna mtihani, maana mwili unanyonya lishe kidogo. Mimi damu ilikuwa chini, nikarudishwa nyumbani nikaambiwa nikaijenge kwanza. Nililia, lakini walikuwa sahihi. Kidonda kinajengwa na protini, na mtu mwenye upungufu anaachia mshono. Sigara na shisha mnaacha wiki nne au zaidi kabla, na mnaendelea kuacha mpaka kidonda kifunge. Dawa za mitishamba mnazokunywa mzitaje zote, nyingine zinafanya damu isigande vizuri. Na kama bado unapanga kuzaa, subiri, mimba itabadilisha uzito tena.

Sasa nitakachosema hapa hakimo kwenye matangazo. Mshono wa paja ni msumbufu. Uko sehemu yenye joto, unyevu, bakteria, karibu na haja zote mbili, na kila ukipiga hatua unavutwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2015 ulifuatilia wagonjwa 106 waliokuwa wamepungua uzito mkubwa. Karibu 7 kati ya 10 walipata tatizo fulani, na lililoongoza ni mshono kufunguka. Mengi yalikuwa madogo, yanayopona kwa kusafishwa na kusubiri. Ila ujue kabla hujasaini. Mimi pale mikato miwili inapokutana kinenani palifunguka wiki ya pili, tundu la kuingia ncha ya kidole. Daktari hakushtuka, aliniambia ngozi pale ni nyembamba na damu inafika kwa shida. Pakasafishwa, pakawekwa shashi, pakajaa nyama kutoka chini, na baada ya mwezi na kitu pakafunga. Kama nisingekuwa najua, ningedhani nakufa.

Makovu yapo. Ndefu, nyeusi, mwaka wa kwanza zinaonekana sana, halafu zinafifia na kulala. Kwangu mabadilishano hayo ni ya haki kabisa: mistari miwili badala ya michubuko ya kila siku. Mwingine hataona hivyo, na ni haki yake.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

#2 Mwana_wa_Kwerekwe

Assalam aleykum dada. Allah akujaalie afya. Umeandika jambo ambalo huku kwetu Unguja watu wanaona haya hata kulitaja kwa daktari. Nina masuala mawili. Mimi nilitoboa sikio pakaota kovu la kuvimba likawa kama harage, mpaka leo lipo. Jee, mapaja hayataota vile? Na sala ulikuwa unasali vipi, maana kusujudu na kukaa ndo kunavuta hapo hapo?

#3 MamaNuru_Tabata

Waaleykum salaam ndugu yangu. La sikio mwambie daktari siku ya kwanza kabisa, tena mwonyeshe. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari kubwa zaidi ya keloidi, na inapopenda kuota zaidi ni sikio, kifua, mabega. Paja si mahali pake pa kawaida, lakini mtu mwenye historia hapewi uhakika. Wapo wanaochomwa sindano za steroidi kwenye kovu likianza kunyanyuka, na wapo wanaotumia karatasi za silikoni kwa miezi. Mimi nilitumia silikoni baada ya kidonda kufunga kabisa, kamwe si kabla.

Sala nilisali nimekaa kwenye kiti, kichwa nainamisha kwa rukuu na zaidi kidogo kwa sijda. Nilimwuliza shehe wa msikiti wetu akaniambia mgonjwa ana ruhusa yake. Baada ya wiki sita daktari aliniruhusu nijaribu chini, na nilianza taratibu.

#4 Sister_Wodi7

Mimi ni muuguzi, wodi ya upasuaji, miaka mingi sasa. Uzi huu nimeusoma neno kwa neno na nampongeza mleta mada. Naomba niongezee upande wetu, maana mgonjwa akishatoka thieta ni sisi tunakesha naye.

Kinachotuogopesha kuliko mshono ni damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Umepasuliwa mapaja, yanauma, hutaki kutembea, umelala. Damu inalala, inaganda, na bonge likichomoka likaenda kwenye mapafu mtu anaweza kufa ghafla. Ndiyo maana tunakuamsha jioni ileile au kesho yake asubuhi hata ukitukasirikia, tunakuvalisha soksi za kubana, na wengi wanachomwa tumboni sindano za kuzuia damu kuganda. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaongeza hatari hii, kwa hiyo mwambie daktari mapema akupangie kuvisimamisha na utumie njia nyingine. Ukiwa nyumbani, mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, kigimbi kikauma na kupata moto, usiukande, usipake dawa ya kuchua, nenda hospitali muda huohuo. Ukipata kifua kubana au pumzi kukata ghafla, usisubiri asubuhi.

Pili, maji. Kinenani ndiko mirija ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu, ya mguu mzima inapopita, na karibu yake unapita mshipa mkubwa wa vena wa ndani ya paja. Daktari mzuri anakata kwa kina kifupi hapo ili asiiguse. Hata hivyo maji yanaweza kujikusanya chini ya ngozi, utasikia kama mfuko unacheza. Tunayavuta kwa sindano, au unawekewa dreni, mrija wa kuyatoa, siku za mwanzo. Usiyatoboe nyumbani. Nimepokea mgonjwa aliyetobolewa na jirani kwa sindano ya duka la dawa, alikaa wodini wiki nzima kwa usaha.

Joto la mwili kupanda, harufu mbaya, wekundu unaosambaa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua: rudi. Mshono uliofunguka kidogo bila dalili hizo hauhitaji kupaniki, unahitaji kusafishwa.

#5 Kigogo_Mtulivu

Vipi sisi wanaume? Nimepunguza kutoka 152 mpaka 94 kwa chakula na kutembea. Naendesha bodaboda. Mapaja ya ndani yananiua, nikishuka kwenye pikipiki jioni naona damu kwenye bukta.

#6 MamaNuru_Tabata

Hongera sana kaka, kilo hizo kwa chakula na miguu ni kazi kubwa. Wanaume wanafanyiwa, utaratibu ni uleule, na daktari anakuwa mwangalifu na mirija ya mbegu inayopita kinenani. Tatizo lako litakuwa kazi. Kukaa umepanua miguu kwenye pikipiki ndiyo hasa kunavuta ule mshono. Mimi nilikatazwa hata kupanda boda kama abiria mpaka kidonda kilipofunga kabisa, na hata hapo nilianza kwa bajaji. Kwa dereva nisingehesabu wiki sita, ningepanga zaidi, na ningehakikisha kuna akiba ya kula kipindi hicho. Zungumza na daktari ukiwa na kazi yako mezani, asikupangie kana kwamba unakaa ofisini.

Kwa sasa kausha vizuri baada ya kuoga, vaa bukta ndefu inayobana chini ya suruali, paka mafuta mazito kabla ya kutoka. Damu ikiendelea muone daktari wa ngozi. Piga picha kila inapotokea na tunza vyeti vya matibabu, vina kazi ukianza kuongea na watu wa bima.

#7 Ukweli_Mchungu

Samahani kwa nitakaowakwaza. Hela ya kutengeneza mapaja si bora ukasomeshe watoto? Mungu alikupa mwili, ukaunenepesha mwenyewe, ukaupunguza mwenyewe, sasa unalipia kukatwa. Bibi zetu hawakufanya haya.

#8 MamaNuru_Tabata

Watoto wangu wanasoma, na hata wasingesoma hoja isingebadilika. Mtu mwenye goti bovu akitengenezwa goti haulizwi kuhusu ada. Mimi nilikuwa natibiwa fangasi na vidonda mapajani miaka mitatu mfululizo, na dawa zile zilikuwa zinalipiwa pia. Nilipokuwa mnene niliambiwa punguza. Nikapunguza. Sasa naambiwa niishi na kidonda kwa sababu niliwahi kuwa mnene. Hilo silikubali, na sitaki msomaji yeyote wa uzi huu alikubali.

#9 Sister_Wodi7

@Ukweli_Mchungu bibi zetu waliumwa wakanyamaza. Nimeosha vidonda vya wazee waliokuwa wanavificha chini ya kanga mpaka vikaoza. Kutokuongea si kwamba hawakuumwa.

#10 Wanjiku_Nakuru

Jamani asanteni kwa huu uzi. Mimi niko Kenya na nimefanyiwa mapaja pamoja na tumbo kwa wakati mmoja, kwa hivyo wacha niwaambie: kufanya vyote pamoja kunaokoa pesa ya chumba na ya daktari wa usingizi lakini kunachosha mwili vibaya. Huwezi kulala kwa ubavu, huwezi kunyooka kwa ajili ya tumbo, huwezi kufunga miguu kwa ajili ya mapaja. Wiki ya kwanza nilikuwa nalia kila wakati wa kwenda msalani. Ningepewa nafasi tena ningetenganisha, tumbo kwanza, mapaja baadaye.

Kitu kingine. Kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha aliyekuambia yeye ni daktari wa upasuaji wa plastiki amesajiliwa kama bingwa wa hiyo kazi. Huku kwetu unaangalia kwa baraza la madaktari, KMPDC. Kuna watu wana cheti cha udaktari wa kawaida na wanafungua kliniki ya urembo kwa ghorofa ya pili, hakuna chumba cha wagonjwa mahututi, hakuna damu ya kuongezewa. Kliniki ya kwanza niliyoenda waliniambia nitarudi nyumbani jioni hiyohiyo, na walipoulizwa ikitokea shida usiku nampigia nani, wakaniambia "tuma ujumbe." Nilichukua mkoba wangu nikaondoka.

#11 MamaNuru_Tabata

Bara huku baraza ni lile la Madaktari Tanganyika, jina la daktari unaweza kuliulizia. Neno la kutafuta kwenye cheti chake ni ubingwa wa upasuaji rekebishi, ndio huohuo wa plastiki. Wapo pia waliopitia mafunzo ya chuo cha madaktari wapasuaji cha kanda yetu, COSECSA, ambacho kinatahini upasuaji rekebishi kama fani yake. Daktari wa kweli hachukii ukimwuliza. Mwombe akuonyeshe picha za wagonjwa wake weusi, baada ya mwaka, si baada ya wiki mbili. Na umwombe akuonyeshe moja ambayo haikwenda vizuri na akueleze alifanya nini.

#12 Binti_Pangani

Naomba ushauri. Mimi nipo Tanga. Nimepungua kilo kama 35, mapaja yamelegea, lakini mguu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia kuanzia pajani mpaka kwenye kifundo. Jioni unavimba zaidi. Hauumi. Kuna dada wa saluni kaniambia ananifahamisha na daktari atanikata vyote. Je nifanye?

#13 Sister_Wodi7

Mdogo wangu, usimlipe mtu yeyote bado. Mguu mmoja kuvimba si ngozi iliyolegea. Kwanza upimwe ultrasaundi ya mishipa kuhakikisha hakuna damu iliyoganda. Pili, wewe uko pwani, na pwani yetu ina matende. Minyoo yake inaharibu mirija ya limfu, na mguu unaweza kuvimba miaka mingi baada ya kuambukizwa, bila homa wala maumivu. Mtu wa namna hiyo akikatwa kinenani, mirija michache iliyobaki nayo ikaguswa, mguu unavimba daima. Nenda hospitali ya mkoa, waambie unataka kupimwa uvimbe wa mguu, usitaje urembo kwanza. Wakisema ni limfu, kuna kuosha, kufunga bandeji, kuinua mguu na mazoezi, na inasaidia sana ukishika ratiba.

Kuna na ugonjwa mwingine unaowapata wanawake, unaitwa lipidema. Mapaja yote mawili ni makubwa, ukibonyeza yanauma, unapata alama za damu kuvilia bila kugongwa, nyayo zinabaki nyembamba, na ukila kidogo mwili wa juu ndio unaopungua. Nao unahitaji mpango wake tofauti. Natamani kila anayeuza upasuaji wa mapaja angekuwa anauliza haya kabla ya kutaja bei.

#14 Msafiri_Leicester

Salamu kutoka Uingereza. Huku NHS, huduma ya afya ya serikali, ni nadra sana kulipia mapaja, daktari wa mtaa anaandika maombi maalumu na mara nyingi yanarudi yamekataliwa. Ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia Uturuki au India. Nilikwenda, upasuaji ulifanyika vizuri na sina malalamiko na mikono ya daktari. Shida ni baada ya hapo. Kifurushi kilikuwa hoteli, dereva, mkalimani, kila kitu, ila hakikuwa na mtu wa kunitazama nikisharudi nyumbani. Mshono ulipofunguka nilituma picha, nikajibiwa baada ya siku mbili. Daktari wa mtaa huku hakuwa na taarifa yoyote ya kilichofanyika ndani. Chukueni ripoti ya upasuaji kwa maandishi, kwa lugha ambayo daktari wa nyumbani ataisoma, kabla ya kulipa salio. Na ndege ya masaa mengi mara tu baada ya kupasuliwa ni hatari kwa ile habari ya damu kuganda aliyoieleza Sister. Kaeni mpaka aliyekupasua akukague na akuruhusu, hata kama tiketi itabidi ibadilishwe.

#15 Asha_Mikocheni

Mimi bado napungua, natumia zile sindano za wiki za kupunguza hamu ya kula. Naruhusiwa kufanya?

#16 Sister_Wodi7

Ukiwa bado unapungua, subiri utulie. Na siku ikifika, mwambie daktari wa usingizi kwamba unachoma sindano hizo, hata kama umeacha juzi. Zinachelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo unaweza kuwa umefunga usiku kucha na bado tumbo lina kitu, ukatapika ukiwa umelala kikaingia kwenye mapafu. Yeye ndiye atakayepanga usimamishe lini na ufunge vipi.

#17 Mjoli_Mbezi

Dada MamaNuru, mke wangu anafanyiwa mwezi ujao, daktari ameshathibitisha. Nyumba yetu ina choo cha kuchuchumaa, na tunaishi na watoto wadogo. Nitayarishe nini? Nataka akirudi asipate shida.

#18 MamaNuru_Tabata

Kaka yangu, swali hili ningetamani waume wote waulize.

Choo ndiyo la kwanza. Kuchuchumaa haiwezekani kabisa mwanzoni, inachana mshono. Nunua kile kiti cha chuma au plastiki chenye tundu kinachowekwa juu ya choo, wanauza kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, au mpe fundi seremala akutengenezee, kiwe imara na cha juu ili asishuke sana. Weka kopo kubwa la maji vuguvugu karibu, kila akijisaidia ajimwagie kutoka mbele kwenda nyuma, kisha ajikaushe kwa kupapasa na kitambaa safi cha pamba, asisugue. Chakula chake kiwe na mboga, papai na maji mengi, maana dawa za maumivu zinafunga choo na kujikamua kunauma.

Kitanda kiwe cha juu kiasi, si godoro la chini. Alale chali, mito miwili chini ya magoti. Nguo za kubana ananunuliwa mbili, moja ikifuliwa nyingine iko mwilini, zile zenye uwazi katikati ili asizivue kila akienda haja. Madaktari wengi wanataka zivaliwe karibu wiki sita. Juu yake dera pana tu. Kinenani panahitaji hewa, kwa hiyo mtafutie feni hata ya kuazima. Mimi nilikuwa nalala mchana bila kitu chini, feni ya mezani imeelekezwa miguuni, mlango umefungwa kwa komeo.

Protini usifanye mzaha: mayai, dagaa, maharage, samaki, maziwa, kidogokidogo mara nyingi kama tumbo lake limepunguzwa. Mtafutie mtu wa kubeba ndoo na kumbeba mtoto kwa wiki sita, asinyanyue kitu. Atembee ndani ya nyumba kila baada ya muda, hatua fupi, hata kama analalamika. Weka pembeni nauli ya teksi ya kwenda kliniki, kwa sababu ngazi za daladala hataziweza na kliniki hizo zitakuwa nyingi kuliko mlivyoambiwa.

Halafu siku za katikati, kama wiki ya pili au ya tatu, atavimba, atajitazama kwenye kioo aone michubuko ya bluu na mshono mweusi, na atakwambia amejiharibu. Mwenyewe nilisema hivyohivyo. Uvimbe unachukua miezi kuisha. Usimwambie "si ulitaka mwenyewe." Msaidie kuosha mgongo, umpeleke kliniki.

Namba ya wodi na ya daktari iandike ukutani, si kwenye simu peke yake. Na hicho kiti cha choo kipimwe kabla hajalazwa, akikalie akiwa mzima. Kikiyumba, rudisha kwa fundi.

#19 Mjoli_Mbezi

Nimeandika yote. Kesho naenda Kariakoo kutafuta kiti.